Lancaster kwa rafiki yangu Mwamish anayechora, siku kwa siku

Alhamisi

Leo nimefika Lancaster, Pennsylvania, kwa treni ya Keystone kutoka Philadelphia, mwendo wa saa moja na kitu hivi, na kama hujawahi kupita hii njia nakwambia ukishaipita Coatesville weka simu mfukoni uangalie nje, maana miji inaisha yanaanza mashamba, afu unamwona mzee ana ndevu na kofia nyeusi pana kasimama nyuma ya nyumbu wanne, wale chotara wa punda na farasi, anamwaga samadi, treni ya umeme inampita pale pembeni na wala hageuki kuitazama.

Stesheni kaja kunichukua jirani yao mwenye gari. Waamish ni Wakristo wanaoshika maisha ya kizamani na kujitenga na mambo mengi ya kisasa, wa huku hawamiliki gari wala hawaendeshi, ila kupanda la kukodi wanaruhusiwa, kwa hiyo kuna watu wa nje kazi yao ndo hiyo, kuwapeleka sokoni, hospitali, harusini. Tukapita barabara ya zamani ya Philadelphia, ile namba 340, Bird-in-Hand kisha Intercourse, duka baada ya duka limeandikwa Amish hiki Amish kile, mabasi ya watalii, dereva akaniambia vingi humo ndani havijawahi kuguswa na mkono wa Mwamish. Tukakunja kushoto, maduka yakaisha, tukafika.

Rafiki yangu simtaji jina. Kaniomba hivyo, nikifika kwenye habari ya saini mtaelewa.

Tulijuana miaka kadhaa nyuma kwenye soko la Central Market hapo Lancaster mjini, lile jengo la matofali mekundu la 1889. Alikuwa na kimeza pembeni kwa shangazi yake anauza kadi. Nikashika kadi moja ina kamba ya nguo, magauni ya zambarau, kijani na bluu yanapepea, na kwenye gauni la katikati nikaona mkunjo mdogo kifuani, pale pale zinapokaa pini, maana gauni la mwanamke mzima wa Kiamish huku linafungwa kwa pini za kawaida, vifungo hakuna, na mkunjo ule huwezi kuuchora kama hujaibana hiyo nguo mwilini mwako kila asubuhi. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Musoma, sasa hivi napunguza suruali na kubadilisha zipu za watu Philadelphia, kwa hiyo kitu kama hicho hakinipiti. Nikamuuliza, we ndo umechora? Akasema ndio, akaangalia chini. Ndo urafiki ulivyoanza.

Simu ndani hana. Ipo moja kwenye kibanda mwisho wa shamba wanatumia na majirani, unaacha ujumbe wa sauti ausikilize siku akipata nafasi, lakini sisi tumezoea barua, za posta kabisa, stempu na bahasha, na ndani ya kila barua yake kuna kikaratasi kimepakwa rangi alizokuwa anazijaribu wiki ile. Ninazo kwenye sanduku zote.

Nyumba yao kubwa, nyeupe, mapazia ya kijani ya kuviringisha, na ubavuni imeungwa nyumba nyingine ndogo wanakokaa wazazi wa mume wake, ndo kawaida yao, mzee akistaafu anahamia ya pembeni anamwachia kijana shamba. Umeme wa waya haupo. Friji ya gesi, jiko la gesi, maji ya moto yapo, bafu lipo, wanaodhani Waamish wanaishi gizani waje walale hata usiku mmoja. Kilichonifurahisha zaidi ni taa: kabati dogo la mbao lina magurudumu, ndani mtungi wa gesi, juu taa, na jioni linasukumwa kutoka jikoni mpaka mezani watoto wanapofanya kazi ya shule, wakienda kulala linasukumwa mpaka dirishani kwenye meza yake ya kuchorea. Mwanga ni mmoja na familia nzima inaufuata.

Tumekula kuku wa kuchemshwa na vipande vya unga vya mraba, wao wanaita pot pie ingawa haina umbo la pai hata kidogo, na kachumbari ya siki. Kabla ya kula wanainamisha vichwa kimya, hakuna anayesali kwa sauti, unajua sala imeisha baba akiinua kichwa.

Ijumaa

Hii siku nitaiandika kwa urefu.

Watoto wakubwa walitoka asubuhi kwenda shule kwa skuta za kusukuma kwa mguu, baiskeli kanisa lao la huku halizikubali. Shule yao ni chumba kimoja, madarasa yote mle mle, wanaishia la nane, na hilo lilifika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1972 ikaamua wana haki ya kuishia hapo kwa sababu ya imani yao. Kitindamimba akabaki nyumbani, Kiingereza bado hajui, anaongea Kijerumani chao cha Pennsylvania tu, tukawa tunaelewana kwa biskuti.

Nilimletea kanga. Doti moja, nyekundu nyeusi na nyeupe. Nilijua kabisa haivai, wao hawavai nguo ya maua wala michoro, ni rangi moja mwanzo mwisho, nilimletea aione tu kama mchoraji. Akaitandaza mezani, akaizunguka. Akaweka kidole kwenye pindo akalifuata pande zote nne mpaka aliporudi alipoanzia, kisha akaweka kiganja katikati, kwenye mji. Hakusema neno. Akapanda ghorofani akarudi na kwilti ya bibi yake, yale matandiko mazito ya kuunga vitambaa tabaka tatu, akaitandaza pembeni ya kanga, na mimi mwili ukanisisimka, maana ni umbo lile lile: pindo pana kuzunguka pande zote, pembe nne zina miraba yake, na katikati mji mmoja mkubwa, kwao umesimama kwa pembe kama almasi. Nguo mbili ambazo hazijawahi kujuana.

Huo mtindo wa almasi ya katikati ndo alama ya Lancaster. Zile za zamani, kuanzia kama miaka ya 1880 mpaka 1940 hivi, ni za sufu laini, na rangi zake sikutegemea: nyekundu ya damu ya mzee, zambarau nzito, bluu, kijani cha chupa, zote zimekaa karibu karibu bila nyeupe ya kuzitenganisha. Kuna sababu. Vitambaa vyenyewe ni vile vile walivyoshonea magauni na mashati, na kwa kuwa magauni hayana maua, kwilti nayo haina maua. Ila ukiinama ukaangalia kwa karibu ndo unaona maua yapo, yameshonwa kwa uzi wa rangi nyeusi tu, manyoya yamejikunja, majani, nyota katikati, mishono kama 10 kwa inchi moja, mkono mtupu, sawasawa kama imepimwa. Mimi nimeshona maisha yangu yote na nilihesabu mishono ile kwa ukucha nikarudia tena. Bibi yake aliishona akiwa binti.

Nikamuuliza hii habari wanayowaambia watalii, kwamba kila kwilti ya Kiamish inawekwa kosa moja la makusudi kwa kuwa aliyekamilika ni Mungu peke yake. Akatikisa kichwa. Akasema kuweka kosa makusudi maana yake unaamini usipoliweka kazi yako itakuwa kamilifu, sasa hicho si ndo kiburi chenyewe? Na kweli watafiti wa kwilti wanasema hiyo ni hadithi tu.

Bibi alikuwa na mbili. Ya pili iliuzwa miaka ya 1970. Mwaka 1971 jumba la makumbusho ya sanaa la Whitney, New York, lilitundika kwilti ukutani kama michoro, maonyesho ya Jonathan Holstein na Gail van der Hoof, wakosoaji wakaanza kuzilinganisha na kazi za wachoraji wakubwa wa kisasa, na baada ya hapo wanunuzi wakaja huku nyumba kwa nyumba wanauliza una matandiko ya zamani mama? Bibi akatoa moja, bei ya kutengenezea paa. Familia haikuwahi kujua iliishia wapi. Mimi roho iliniuma nikasema waliwaibia, rafiki yangu akasema hapana, bibi alitaka paa na akapata paa, na kwilti huenda ipo mahali watu wanaiangalia. Mpaka sasa bado naona nina haki ya kukasirika. Mtu aliyeshona anastahili japo kuandikwa jina, na kwenye makumbusho mengi unasoma tu "haijulikani nani".

Na hapa ndo penye jambo zito, maana wao wenyewe jina hawalitaki mbele. Rafiki yangu picha zake anasaini herufi mbili ndogo chini pembeni, basi. Kuna mtu alitaka kumfanyia maonyesho peke yake, jina kubwa mlangoni, picha yake kwenye tangazo. Akakataa kabla hata hajaenda kumuuliza askofu. Kila kundi la familia 25 mpaka 40 hivi ni kanisa moja na lina utaratibu wake, linaloruhusiwa huku laweza kukatazwa ng'ambo ya mto, na kwao kuchora hakukatazwi, kuuza hakukatazwi, kinachoangaliwa ni kama kazi inamwinua mtu juu ya wenzake. Nikamuuliza haikuumi? Akafikiri kweli kweli, akasema siku nyingine inauma. Akaendelea kupaka rangi.

Alianza kwa kuandika kumbukumbu za familia, yale makaratasi ya majina na tarehe za kuzaliwa yenye ndege na maua pembeni, watu wakawa wanamwagiza kwa ajili ya harusi. Hiyo ni sanaa yao ya tangu zamani, inaitwa fraktur. Kanionyesha ukurasa aliounakili mwenyewe kwa kuangalia kazi ya Barbara Ebersol, mama wa Lancaster aliyeishi 1846 mpaka 1922, alikuwa mfupi sana wa kimo, fundi wa kushona kama mimi, na ndiye aliyekuwa akiwapambia watu kurasa za mbele za Biblia na vitabu vya nyimbo, jina la mwenye kitabu kwa herufi nene za Kijerumani na maua mekundu na kijani. Wapo tele waliokuwa wanachora kabla yangu, akasema, ilikuwa ndani ya vitabu tu.

Sasa anatumia rangi za maji. Ukutani kwake hakuna picha yake hata moja, ipo kalenda na saa. Zipo kwenye droo. Akazitoa moja moja.

Sura hachori. Kutoka 20:4, usijifanyie sanamu ya kuchonga, wao wanaishika mpaka kwenye kamera, ndo maana simu yangu imekaa ndani ya begi siku zote hizi na nyie mnasoma maneno matupu. Mwanasesere wa watoto wao uso hana. Kwa hiyo watu wa rafiki yangu wote wamegeuka, au wameinama, au kofia imefunika. Nilidhani ni upungufu anaouzungukia. Kumbe ukikaa nazo kwa muda unagundua amejifunza vitu ambavyo anayetegemea sura hajifunzi. Kuna moja ya mwanamke amesimama mlangoni mwa banda, mgongo kwetu, ndoo mkono mmoja, bega la upande wa ndoo limeshuka kidogo, na mkono mwingine vidole vimejikunja bila kushika kitu. Nikasema huyu amefiwa. Akaniangalia. Akasema huyo ni mama yangu, wiki aliyofariki kaka.

Tukanyamaza wote pale. Nje mume wake alikuwa anagonga kwato za farasi.

Mchana tukaenda kwa kigari cha farasi kumsalimia bibi mmoja jirani, yeye si Mwamish ni Mennonite, ana gari na umeme na kila kitu. Hawa ni ndugu wa imani moja iliyogawanyika. Wote wanatoka kwa wale waliojibatiza upya Zürich mwaka 1525 wakawindwa na serikali kwa ajili hiyo, kisha 1693 mzee mmoja anaitwa Jakob Ammann akataka msimamo mkali zaidi, waliomfuata ndo Waamish. Huyu bibi aliwahi kuwa nesi Shirati. Watu wa Mara mnajua, Mennonite waliofika Shirati mwaka 1934 walitumwa kutoka hapa hapa Lancaster, na kanisa lililozaliwa pale ndo lile alilokuja kuwa askofu wake wa kwanza Mwafrika Zedekia Kisare mwaka 1967. Mimi nimebatizwa humo. Nikaingia nikasema shikamoo bibi, akajibu marahaba mwanangu, karibu, umekula? kwa lafudhi ya kwetu kabisa ya ziwani, nikashindwa kuzuia machozi. Akapika chai ya maziwa na tangawizi. Rafiki yangu akawa anatusikiliza tunavyoongea, kalamu mkononi, baadaye nikaona amechora mikono ya yule bibi imeshika kikombe.

Jumamosi

Mnada! Kila mwaka Jumamosi ya pili ya Machi kijiji cha Gordonville kinafanya mnada wa kuchangia kikosi cha zimamoto, wanauita mnada wa matope na ni matope kweli, theluji imeyeyuka juu ya shamba na watu maelfu wanakanyaga, gambuti lazima. Waamish wenyewe wamo kwenye zimamoto, mume wa rafiki yangu mmoja wao, kipaza cha king'ora kikilia anaacha jembe anakimbia, anazima moto kama wengine ila gari la zimamoto linaendeshwa na mwingine.

Madalali wanapiga kelele sehemu tano sita kwa wakati mmoja, huku farasi, kule vigari, majembe, mapipa ya maziwa, masanduku ya misumari, viti. Farasi wengi wa vigari walikuwa wa mashindano ya mbio, wakizeeka kidogo kwa mbio wanauzwa huku, ndo maana barabarani wanakimbia vizuri vile. Tulikula supu ya kuku na mahindi na donati za moto. Niliwaona vijana wa Kiamish kwenye tope wanacheza mpira wao wa kulengana, nusu saa nimesimama pale.

Kwilti zina hema lake. Vijana wawili wanaishika juu kwenye fito, dalali anaanza, na bei inapanda haraka mpaka huwezi kufuatilia nani kanyanyua kidole. Rafiki yangu alitoa moja, alichora mpango mwenyewe, wakaishona yeye na dada zake na mama mkwe majira yote ya baridi kwenye fremu sebuleni, na pesa yote ni ya zimamoto. Rangi zake nikazijua, nilishazipata kwenye barua mwezi wa kumi na mbili: kijani cha mwani na zambarau, na kamstari kembamba ka pinki kali ambako kwenye karatasi nilikaona kamezidi na kwenye kitambaa kakawa ndo kanashikilia kila kitu. Haikufika dola elfu. Karibu yake iliuzwa nyingine ya maua ya kubandika kwa karibu mara mbili.

Nikahoji. Akaniambia zile za maua ya kubandika ndo watalii wanazopenda, na nyingi za namna hiyo madukani zimeshonwa na wanawake wa Kihmong, wakimbizi wa kutoka Laos waliofika Lancaster tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kwao kubandika kitambaa juu ya kitambaa ni ufundi wa mababu, na wenye maduka wa Kiamish walipoona mikono ile wakaanza kuwapa kazi. Duka linaandika kwilti ya Kiamish. Nikamuuliza unaonaje? Akasema wanashona vizuri kuliko sisi na waandikwe. Alisema hivyo hivyo, bila kusita, mtu ambaye jina lake mwenyewe hataki liandikwe. Hilo nimelibeba.

Aliyenunua kwilti yake ni mwanamke mmoja mtu mzima wa hapo hapo jirani, si wa makumbusho wala wa duka. Akaja akamshika mkono akasema ni ya mjukuu anaoa. Rafiki yangu alikuwa na furaha ambayo sikumwona nayo tena safari nzima, nyumbani alisimulia mara mbili itaenda kwenye kitanda gani.

Jumapili

Kanisa kwao ni kila baada ya Jumapili moja, na halina jengo, linazunguka majumbani. Mabenchi yasiyo na egemeo yanaletwa na kigari maalum nyumba yenye zamu. Leo ilikuwa zamu ya binamu yao, tukaenda kwa kigari cha kijivu, huku Lancaster vyote ni kijivu, mimi nimefunikwa blanketi mpaka kidevuni, taa za betri nyuma na pembetatu ya chungwa ya kuonya magari.

Wanaume upande wao wanawake upande wao. Ibada saa tatu. Mahubiri Kijerumani chao sikuelewa ila Abrahamu na Isaka nilisikia. Nyimbo lakini, jamani. Kitabu chao kinaitwa Ausbund, kilichapwa kwanza 1564, baadhi ya nyimbo zilitungwa na waumini waliokuwa wamefungwa kwenye ngome ya Passau miaka ya 1535 mpaka 1540. Nota hakuna humo ndani, maneno tu. Tuni imeshikwa kichwani kizazi kwa kizazi, hakuna kinanda hakuna ngoma hakuna sauti ya pili, mzee mmoja anaanza silabi peke yake anaivuta inapanda inashuka, wote wanaingia. Wimbo wa pili ni ule ule kila ibada, wa sifa, beti nne tu na unachukua kama dakika 20. Mwanzoni nilikuwa nasubiri uishe. Kufika ubeti wa tatu nilikuwa nimeacha kusubiri, nikawa naangalia migongo iliyo mbele yangu, safu ya shali nyeusi na kofia nyeupe, kila shali imebanwa pini kwa namna yake, bega moja limechoka, jingine la binti linatetemeka kwa baridi, na nikajua rafiki yangu alisomea wapi. Tangu mtoto kakaa kwenye benchi hili anaangalia migongo, saa tatu tatu.

Nikamwambia hilo wakati wa chakula, tulipewa mkate na siagi ya karanga iliyochanganywa na kitu kitamu, bitiruti za siki, jibini na pai ya matofaa makavu. Akacheka akaziba mdomo. Akasema usimwambie mhubiri.

Kaka mtu mmoja hapo mezani akaniuliza Tanzania mnalima nini, tukaongea muhogo na mtama mpaka kahawa ikapoa. Alikuwa anauliza maswali ya mkulima, udongo ukoje, mvua zinakuja mara ngapi, hakuna aliyeniuliza kuhusu simba.

Jumatatu

Siku ya kufua, kata nzima. Mashine ya kukamulia nguo inaendeshwa na injini ndogo, na kamba inatoka barazani mpaka juu kwenye banda, ina roda, unabana nguo unaivuta inasogea unabana nyingine. Wana mpangilio, suruali pamoja, magauni kwa rangi. Nikamsaidia kubana. Nikamuuliza mbona kila mwaka unachora kamba hii hii? Akasema watoto wanakua, kamba inabadilika. Kwenye picha ya mwaka jana kuna nepi, mwaka huu hazipo.

Kabla ya dereva kuja tulikaa nikamlipa picha niliyoichagua, bei ile ile anayowauzia wengine, nilikataa kupunguziwa na yeye alikataa kuzidishiwa. Ni ile ya mikono na kikombe. Kanga akasema ataikalia muda, anataka kujaribu pindo lake kwa vitambaa vya rangi moja na ataniandikia ikishindikana wapi.

Kisha akaniomba kazi. Kuna fundi mbao wa zamani wa Bird-in-Hand, Henry Lapp, 1862 mpaka 1904, Mwamish, alikuwa kiziwi, kwa hiyo wateja alikuwa akiwaonyesha daftari dogo alilochora kwa rangi za maji kila anachoweza kutengeneza, kabati, meza, toroli, sanduku la mbegu, kila kimoja na rangi yake, mtu ananyooshea kidole anachotaka. Daftari hilo sasa lipo kwenye makumbusho ya sanaa ya Philadelphia Museum of Art, mji ninaokaa. Rafiki yangu ameliona kwenye kitabu cha kuchapwa tu, na anasema rangi za kuchapwa hawezi kuziamini, hasa kijani. Anataka niende nikalione lenyewe nimwandikie kijani cha Lapp kina njano kiasi gani, na nyekundu yake imeelekea kwenye matofali au kwenye bitiruti. Kanipa vikaratasi vyake vya kijani vya aina mbalimbali, kila kimoja na namba nyuma, niweke pembeni ya daftari nichague kinachofanana.

Kazi za karatasi za zamani haziwekwi ukutani muda wote, mwanga unaziharibu, ni lazima kuomba nafasi ya kuziona. Nimeandika ombi nikiwa ndani ya treni, kabla hatujafika Paoli. Nimesema mimi ni fundi cherehani, nimetumwa na mchoraji wa Lancaster, nahitaji nusu saa na meza yenye mwanga wa dirisha. Wakinijibu nitawaambia ni kijani namba ngapi.